Kuanza yoga nyumbani bila mwalimu: kabla ya mikao, tafuta kwanza nani atakuona ukikosea

Mleta mada ana miaka 38, kazi yake ni ya kukaa kwenye kiti kutwa, akiinama vidole vinaishia katikati ya miundi, na anataka kuanza yoga nyumbani peke yake. Anauliza aanze na nini, mara ngapi kwa wiki, na kama vifaa ni lazima.

Mkuu, mimi nilikuwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita, ila sikuuliza mtu. Nilifungua video, nikatandika mkeka, nikaanza. Video yenyewe haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Mwalimu anasema inama mpaka pale mwili unaporuhusu, lakini macho yangu yanamwona kaweka viganja chini kama anaokota sindano. Basi na mimi najivuta. Nashika miundi, nadundadunda, nafurahia kila sentimita niliyoongeza.

Mwezi wa pili nikaanza kuumwa sehemu ya ajabu. Paja lenyewe halikuuma, iliuma pale juu kabisa chini ya kalio, kwenye ule mfupa unaoukalia. Nikikaa kwenye kiti kigumu ni kama nimekalia kokoto. Nikaamini msuli haujanyooka vya kutosha, nikazidi kuvuta! Ujinga huo ulinila karibu mwaka mzima. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifumbua macho: misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa kwenye mfupa ule kwa kano, na kano hainyumbuki kama msuli. Ukiivuta kwa nguvu kila siku inachoka na kuuma. Akanikataza kuinama kabisa kwa muda, akanipa mazoezi ya kuitia nguvu polepole.

Darasani ningeambiwa siku ile ile, "wewe, kunja magoti." Nyumbani hakuna wa kukwambia, kwa hiyo lazima ujitafutie jicho la pili. Mimi nina matatu.

La kwanza ni ukuta. Simama ukiupa mgongo, visigino mbele yake kidogo, makalio na sehemu ya juu ya mgongo vikiugusa. Pitisha kiganja nyuma ya kiuno. Kikipita kwa kubanwabanwa, uko sawa. Ngumi ikipita, umebinua kiuno, shusha mbavu kidogo. Huo tayari ni mkao, unaitwa mlima (Tadasana), na watu wanaudharau kwa sababu unaonekana kama kusimama tu. Kisha geuka, weka viganja ukutani usawa wa nyonga, rudi nyuma hatua kwa hatua huku ukiinama mpaka mgongo ulale sambamba na sakafu. Kunja magoti. Sasa sukuma ukuta na peleka makalio nyuma. Utasikia mgongo ukirefuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni, na hapo utakuwa umeujua ule mkao wa mbwa anayejinyoosha (viganja na nyayo chini, makalio juu) bila kuumiza mikono.

Ukishuka sakafuni wiki zijazo, magoti yabaki yamekunjwa na visigino vibaki hewani. Cha kuangalia ni mgongo, visigino achana navyo. Na viganja: tanua vidole, kandamiza shina la kidole cha shahada. Ukiacha uzito uelemee upande wa kidole kidogo, kifundo cha mkono kitakulalamikia kabla ya wiki kwisha.

Jicho la pili ni pumzi. Vuta na toa kwa pua, taratibu, mara tano katika kila mkao. Ukijikuta umebana pumzi au unahema, umezidisha, punguza hapo hapo. Kudundadunda kama nilivyofanya mimi hakusaidii, kwa sababu msuli ukivutwa ghafla hujikaza wenyewe kujilinda, kwa hiyo unashindana na mwili wako mwenyewe. Mvuto wa katikati ya msuli hauna shida. Ukisikia mchomo karibu na goti, nyonga au pale kwenye mfupa wa kukalia, toka.

La tatu ni simu. Iegemeze pembeni, jirekodi mkao mmoja tu, kisha tazama. Mgongo niliodhani umenyooka kama rula niliukuta umepinda kama upinde. Nilicheka peke yangu chumbani.

Mara ngapi? Dakika 12 hadi 15, siku tano au sita kwa wiki, zinashinda saa nzima ya Jumapili. Nilianza na paka na ng'ombe (unapiga magoti na viganja chini, unabinua na kukunja mgongo kwa kufuata pumzi), mbwa wa ukutani, daraja (umelala chali, umekunja magoti, unainua makalio), na kulala kifudifudi ukiinua kifua bila msaada wa mikono. Hiyo miwili ya mwisho usiiruke, maana mtu wa kiti anahitaji nguvu ya mgongo na makalio kuliko hata kunyooka. Mkao wa mti (unasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ukiuegemeza kwenye mguu uliosimamia) unaweza kuongeza, ila unyayo usiuegemeze kwenye goti, weka juu yake au chini yake. Kama unafanya asubuhi, usiiname sana ukitoka tu kitandani: usiku diski za uti wa mgongo (vile visahani laini kati ya pingili) hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana unaamka mgumu. Na ukila ukashiba, subiri saa mbili tatu.

Vifaa ni mkeka usioteleza, basi. Zulia linateleza, soksi ndiyo usiseme. Matofali ya yoga yana mbadala wake, vitabu vinene viwili, na kamba ni mkanda wa suruali. Wala usione aibu kutumia vitu hivyo. B.K.S. Iyengar wa India (1918–2014), mmoja wa walimu waliojulikana zaidi duniani, alisifika hasa kwa kufundisha kwa viti, kamba na matofali, na utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa.

Mdau mmoja hapo juu amekuahidi utagusa vidole ndani ya siku 30. Labda. Urefu wa mikono na miguu unatofautiana, na maumbo ya nyonga pia, kwa hiyo wengine hawafiki na wako salama kabisa. Kusimama kwa kichwa na kukunja miguu kwa mkao wa yungiyungi, sahau kwa sasa. Huo wa pili unataka nyonga izunguke, na nyonga ikigoma, goti ndilo linalolipa. Kama una shinikizo la damu, presha ya macho, diski iliyotoka, au ni mjamzito, ongea na daktari kwanza.

Mwishoni lala chali, viganja vikitazama juu, usifanye kitu. Nilikuwa naruka sehemu hii nikiona ni kupoteza muda, siku hizi ndiyo inayonirudisha mkekani. Ila tega alamu ya dakika tano. Mimi nimeshapitiwa na usingizi mara mbili nikachelewa kazini.