Maswali na Majibu: Kome wavamizi na samaki wa ziwani

Tangu kome waingie, maji yamekuwa maangavu hadi mawe ya chini yanaonekana. Ubaya uko wapi?

Ule ukungu uliotoweka ulikuwa chakula. Kome mzima mmoja huweza kuchuja hadi lita 1 ya maji kwa siku, na mita moja ya mraba inaweza kubeba maelfu yao. Wanachonasa ni mwani wa hadubini, uleule unaoliwa na planktoni, wanyama wadogo sana wanaoelea majini, ambao nao huliwa na vifaranga vya samaki. Wasichokipenda hukiviringisha kwa ute na kukitema. Microcystis, bakteria wenye sumu, mara nyingi hutemwa wakiwa hai, kwa hiyo ziwa angavu laweza kufunikwa na utando wa sumu kiangazi hichohicho.

Kome hawali samaki. Samaki wanapunguaje?

Kwa njaa. Tazama Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Kome pundamilia waligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, wakiwa wameletwa na maji ya farumi, yaani maji ya kuipa meli uzito, katika meli kutoka Ulaya. Kome kwaga, aina nyingine ya wavamizi hao, wakaonekana Ziwa Erie mwaka 1989. Kabla ya hapo, sakafu ya Ziwa Michigan ilijaa Diporeia, kiumbe kama uduvi mwenye mafuta mengi. Leo karibu ametoweka. Samaki mweupe, Coregonus clupeaformis, aliyemtegemea, akageukia kula kome wenyewe: ganda tele, lishe haba. Akakonda, akadumaa. Vifaranga vyake navyo huanguliwa majira ya kuchipua na kukuta planktoni haitoshi.

Anayepima urefu wa samaki peke yake hachunguzi kitu. Linganisha uzito na urefu, kisha hesabu samaki wa mwaka wa kwanza; upungufu huonekana hapo miaka kadhaa kabla ya nyavu kurudi tupu.

Kwaga na pundamilia wanatofautianaje?

Weka ganda mezani: pundamilia hukaa imara kwa upande wake bapa, kwaga hupinduka. La maana zaidi ni kwamba pundamilia hutaka mawe, vyuma au magamba ya kome wenyeji, ambao huzibwa hadi wafe. Kwaga huishi hata juu ya tope, kwenye baridi, kina kikipita mita 100. Maji ya ziwa yanapochanganyika majira ya baridi na ya kuchipua, mwani wa juu humfikia hukohuko chini.

Hakuna samaki anayewala?

Yupo, gobi mviringo, mvamizi mwingine. Hawamalizi. Isitoshe, mwani wa nyuzi uitwao Cladophora hustawi kwa mwanga mpya na fosforasi inayotolewa na kome. Ukioza, oksijeni huisha na bakteria wa botulizimu hutoa sumu. Gobi hufa, na ndege wanaomla hufa pia.

Nifanyeje na boti yangu?

Ondoa majani na matope yote. Mwaga maji ya ngama, ya injini na ya ndoo ya chambo ukiwa bado nchi kavu, mbali na ziwa jingine: lava (watoto wachanga) wa kome hawaonekani kwa macho. Osha kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, kisha kausha angalau siku 5. Kukiwa na baridi na unyevu, ongeza siku, maana kome wazima hufunga magamba na kuvumilia. Injini ndiyo husahauliwa zaidi.

Kuna dawa?

Kwa bwawa dogo lililojitenga, ndiyo: machimbo ya Millbrook, Virginia, yalisafishwa kwa potashi (chumvi ya potasiamu) mwaka 2006. Kwa ziwa kubwa, hakuna.