Msomi bila chama

Mliuliza wiki hii iwapo usomi unatosha kumfanya mwanamke adumu katika uongozi wa juu wa nchi. Jibu langu ni hapana, na ushahidi wangu ni Profesa Ameenah Gurib-Fakim wa Mauritius.

Huyu ni mkemia aliyesomea Uingereza, akarudi nyumbani kufundisha, na kwa miaka mingi akachunguza mimea ya tiba ya Mauritius na kisiwa chake cha Rodrigues, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake wanasayansi mwaka 2007. Juni 2015 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Rais wa nchi hiyo. Lakini Rais wa Mauritius hapigiwi kura na wananchi. Huchaguliwa na Bunge kwa hoja ya Waziri Mkuu, ambaye ndiye mwenye serikali. Profesa aliletwa kwa sababu jina lake lilikuwa safi na halikuwa na chama, na sifa hiyohiyo ndiyo iliyomwacha peke yake baadaye.

Mwanzoni mwa 2018 gazeti lilifichua kwamba alikuwa amefanya manunuzi binafsi kwa kadi ya benki aliyopewa na shirika lisilo la kiserikali lililokuwa likihimiza sayansi barani Afrika. Alikana kosa na kusema fedha alizirudisha, lakini Machi 23, siku chache baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, akaondoka madarakani kabla hata ya kutimiza miaka 3 kati ya 5.

Wanaosema alionewa kwa kuwa ni mwanamke siwapuuzi, ila kadi ile hakupaswa kuipokea. Nadhani hapo ndipo mazoea ya chuoni yalipomponza, kwani mtafiti huishi kwa ufadhili na hujifunza kumwona mfadhili kama mshirika, ilhali Ikulu mfadhili huyohuyo ni mtu wa kutiliwa shaka tangu anapobisha hodi. Mwanasiasa mkongwe angeinusa hatari hiyo, na kama asingeinusa, walau angekuwa na wabunge wa kumkingia kifua.

Bunge lilipochagua Rais mwingine, Desemba 2019, lilimchukua Pradeep Roopun, aliyekuwa waziri kutoka chama tawala.