Wosia Husubiri Ufe, Ugonjwa Hausubiri

Baba alipopata kiharusi, daktari alitukusanya watoto wake watatu tuliokuwepo nje ya chumba cha wagonjwa mahututi akatuuliza: "Akishindwa kupumua mwenyewe usiku huu, tumwekee mashine?" Dada akasema awekewe. Kaka akakataa, mzee asiteswe. Mimi nililia tu. Baba alikuwa hatua chache kutoka tuliposimama, macho wazi, ulimi hautamki neno. Wosia alikuwa ameandika zamani, kila mtu na fungu lake. Lakini wosia husubiri mtu afe, na baba alikuwa hai.

Usiku ule alipumua mwenyewe. Kaka na dada, hata hivyo, walikaa miezi bila kusemezana, kila mmoja akiamini ndiye aliyempenda baba.

Ndiyo maana niliketi kuandika hati yangu ya matibabu, ya kusema nitibiweje siku nisipoweza kujisemea. Mara ya kwanza niliandika sentensi moja, "Sitaki mashine," nikajiona nimemaliza. Rafiki yangu muuguzi akaisoma, akaniuliza: mashine gani, na kwa muda gani? Kuna anayewekewa mashine ya kupumulia siku chache nimonia ipungue, kisha akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kuna ambaye ubongo umeharibika na hakuna tumaini la kuamka. Sentensi yangu ilikuwa inamnyima wa kwanza ili kumlinda wa pili. Nikaandika upya, nikieleza hali ambayo nisingependa kurefushiwa maisha nikiwa ndani yake: siwezi kumtambua mtu, wala hakuna tumaini la kupona. Nikagusa mrija wa kulishia, na kukandamizwa kifua moyo ukisimama, jambo linaloweza kuvunja mbavu na ambalo kwa mwili uliochoka sana mara nyingi halileti uzima. Dawa za maumivu nimeomba nipewe kwa vyovyote.

Hata hivyo karatasi haiwezi kukisia kila kitu, kwa hiyo chagua mtu wa kukusemea, na umchague kwa makini kuliko maneno yenyewe. Mimi sikumchukua mkubwa wetu. Nilimchukua mdogo wangu, kwa sababu anaweza kusikia jambo lisilompendeza akalitekeleza. Nilimwambia asijiulize yeye angetaka nini, ajiulize mimi ningetaka nini. Kisha nikawaambia wengine wote kwamba ni yeye, ili siku hiyo asisimame peke yake akigombezwa. Maadamu nina akili timamu na naweza kujieleza, hana mamlaka yoyote juu ya matibabu yangu. Uamuzi ni wangu, na hati naweza kuibadilisha.

Sheria hutofautiana nchi na nchi kuhusu mashahidi na sahihi, kwa hiyo muulize mwanasheria wa kwenu. Angalia pia: hati ya kumruhusu mtu ashughulikie fedha zako mara nyingi haimpi ruhusa ya kuamua matibabu. Nakala mpe mwakilishi wako na daktari wako. Usiifungie kwenye kabati ambalo ufunguo wake unaujua wewe tu.

Ukidhani haya ni ya wazee, kumbuka kesi tatu zilizotikisa Marekani, za wanawake vijana waliopoteza fahamu na familia zao zikaishia mahakamani. Karen Ann Quinlan alizimia mwaka 1975 akiwa na miaka 21. Nancy Cruzan alipata ajali ya gari mwaka 1983 akiwa na miaka 25. Terri Schiavo alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26, na mumewe na wazazi wake wakashindana mahakamani miaka mingi juu ya mrija wa kulishia, hadi alipofariki mwaka 2005. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameacha maandishi.

Mwezi uliopita nilimpigia kaka nikamsomea yangu yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini nimeandika vile kuhusu mrija. Tuliongea hadi saa sita usiku. Yake ameanza kuiandika, na ameniambia anataka dada ndiye amsemee.