Wamenipokea, makaratasi hawanipi

Mdogo wangu, nimeisikiliza sauti uliyonitumia baada ya kikao cha jumuiya. Eti hapo Bagamoyo mnaambiana kwamba mimi nimetulia, niko Italia, nchi ya Papa, na waumini wa huku humpokea mgeni kama ndugu wa tumbo moja. Imenikera sana.

Mafundisho yenyewe ni ya kweli, tena nayaamini kuliko zamani. Papa Fransisko alitia saini waraka wa Fratelli Tutti, yaani "Ndugu Wote", kule Assisi, Oktoba 3, 2020, na humo anataka mhamiaji apokewe, alindwe, aendelezwe na ahusishwe. Mimi naishi na familia isiyokosa misa ya Jumapili. Mama yao mzee namwogesha, namlisha, namgeuza usiku. Kupokewa nimepokewa. Ila mkataba hawataki kuusajili, maana wakiusajili itabidi wanilipie michango ya serikali. Bila mkataba kibali changu cha kuishi hakikuhuishwa. Bila kibali, nikitoka sirudi. Ndiyo maana Baba amezikwa mimi sipo, na nyinyi mkasema raha zimenisahaulisha kwetu!

Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1987 kwamba mshikamano si kuguswa moyo tu, ni nia thabiti ya kutafuta mema ya wote. Na tangu 1891 Papa Leo XIII alishasema kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa linalolilia mbinguni. Anayenipa koti la baridi na kuninyima makaratasi amenionea huruma, udugu bado. Sisi Bagamoyo tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika kwetu 1868 hawakuishia kuwaombea watumwa: waliwakomboa kwa fedha, wakawapa pa kuishi.

Kwa hiyo usije. Waraka huohuo wa Papa Fransisko unatetea hata haki ya mtu kutohama, apate maisha ya heshima kwao. Lakini najua kwenu hakuna kazi, siwezi kukufungia mlango niliopitia mwenyewe. Ukija, nitalala chini wewe ulale kitandani. Ila usipande ndege kwa ahadi ya mdomo, hata aliyekuahidi awe mwanakwaya. Mkataba ukija, nipigie picha kila ukurasa kabla hujasaini.

Na yule binti anayekusaidia kazi hapo nyumbani, umemlipa mwezi uliopita? Mlipe leo.