Kwaresima Shuleni: Kwa Walimu Wapya wa Bukavu

Jumatano ya Majivu haijatimiza wiki, na tayari nimeona kwenye mlango wa darasa moja karatasi yenye majina ya wanafunzi wote na kiasi cha sadaka alichotoa kila mmoja. Aliyeibandika ni kijana mwenye moyo safi na ninampenda, lakini kila mwaka walimu wapya wanatuletea makosa yale yale.

1. Someni sheria kabla ya kuifundisha. Kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 hadi anapofikisha 59. Mtoto wa shule ya msingi anayekula andazi saa ya mapumziko hajavunja amri yoyote ya Kanisa. Yule mwalimu anayemkemea, kisha Ijumaa jioni akaonekana na mshikaki wa mbuzi, ndiye wa kuulizwa. Wanafunzi Waprotestanti na Waislamu wasilazimishwe kupakwa majivu.

2. Kuhusu sadaka, Injili ya Jumatano ya Majivu, Matayo sura ya 6, inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo ule wa kuume. Mwaka mmoja mimi niliisoma Injili hiyo asubuhi, na wiki ile ile nikaanzisha mashindano ya sadaka kati ya madarasa. Kila Jumatatu, baada ya kupandisha bendera, nilitangaza jumla ya kila darasa. Sanduku lilijaa, prefe, yaani mkuu wa shule, akanisifu, nami nikajiona mtume. Sikujua kwamba madarasani wanafunzi walikuwa wakiwadai wenzao kama wakusanya kodi, hadi mama mmoja alipokuja kuniuliza kwa nini binti yake alikuwa akifika nyumbani, mtaa wa Panzi, jua likizama, amelowa mvua. Binti alikuwa akiweka nauli yake sandukuni na kurudi kwa miguu. Nilianza kumweleza mama yule thamani ya kujinyima. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama fedha za sanduku hilo zingeweza kumlipia binti yake minervali, yaani ada ya shule, maana wiki iliyotangulia tulikuwa tumemrudisha nyumbani kwa kukosa kulipa. Fedha zile tulikuwa tumeziandikia maskini wa parokia, na hakuna kati yetu aliyewaza kwamba maskini hao wana watoto kwenye mistari ya bendera. Mwaka uliofuata sanduku liliwekwa mlangoni mwa kanisa dogo la shule, bila majina na bila matangazo. Fedha zilipungua, prefe akalalamika, nami nikamwacha alalamike.

3. Njia ya Msalaba yenye vituo vyote 14 msiipange jioni inayotangulia mtihani wa hesabu wa trimesta ya pili. Kwaya ifanye mazoezi ya nyimbo zisizo na Aleluya mapema, kwa sababu mpiga ngoma hukumbuka kwamba Aleluya haiimbwi Kwaresima akiwa ameshaanza.

4. Jikoni pa wanafunzi wa bweni, Ijumaa, siku isiyo na nyama, ni sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu), maharage na sombe (kisamvu). Lakini tarehe 19 Machi 2027, Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, itaangukia Ijumaa, na sheria inaruhusu nyama siku ya sherehe. Mwambieni mpishi mapema, kwa sababu wanafunzi wa bweni, ambao hawakumbuki sheria nyingine yoyote ya Kanisa, hiyo wataijua kwa kichwa.