Ile picha iliyo kando ya mjomba wako

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la Jumapili nililikwepa makusudi. Uliniambia chuo kimekuomba uwe mkuu wa idara, na kabla hujawajibu ukaniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mtu akikalia kiti kikubwa kwenye chuo cha udaktari anaweza kubaki na huruma? Na kwa nini sebuleni kwangu, kando ya picha ya mjomba wako, nimetundika picha ya mzungu mwenye miwani ambaye si ndugu yetu na sijawahi hata kupeana naye mkono? Mwanangu, kwangu mimi hayo ni swali moja. Ila kwenye simu ningelia, na salio lenyewe lilikuwa linaisha. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Yule ni Paul Farmer, daktari wa Kimarekani. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1959, akakulia Florida katika nyumba ya watoto sita, na kuna miaka nyumba yenyewe ilikuwa basi kuukuu. Alifariki tarehe 21 Februari 2022 huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Alilala hakuamka, moyo. Alikuwa na miaka 62. Wakati huo alikuwa mkuu wa idara katika Chuo cha Tiba cha Harvard, na pia chansela wa University of Global Health Equity, yaani Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani, alichoshiriki kukianzisha na chenye kampasi pale Butaro. Majuma yake ya mwisho aliyatumia kufundisha wanafunzi na kupita raundi wodini. Harvard na uchansela mabegani, na bado anapita raundi! Wewe mwenyewe unajua ni wakuu wangapi wa idara umewaona wodini bila mgeni wa wizara.

Sasa turudi kwa mjomba wako.

Mwaka 2002 ulikuwa darasa la tano na tulikuficha mengi. Kagera hii ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walikogundulika, mwaka 1983, kwa hiyo sisi wauguzi tulikuwa tumeshazika hadi tumechoka kuhesabu. Mjomba wako alilazwa kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi. Siku ya tisa daktari akaandika kwenye faili maneno mawili: huduma nyumbani. Yalisikika vizuri. Maana yake ilikuwa hatuna dawa, na aliyetakiwa kumweleza mgonjwa ni muuguzi wa zamu, yaani mimi. Nilianza kukunja shuka lake ili nisimtazame usoni. Akaniuliza, "Dada, hizo dawa Ulaya zipo, si ndiyo?" Nikasema zipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ndege ni saa ngapi kutoka huko?" Nikaendelea kukunja shuka. Alikaa nyumbani wiki tano.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mkubwa mmoja wa serikali ya Marekani alisema hadharani kwamba dawa za kurefusha maisha haziwezi kufanya kazi Afrika kwa sababu zinamezwa kwa saa, na Waafrika wengi hawajui saa. Nilikuja kuisoma kauli ile baadaye, nikacheka vibaya. Saa tunaijua. Tofauti yetu naye ni kwamba yeye anaanza kuhesabu usiku wa manane watu wamelala, sisi tunaanza jua linapochomoza. Dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, nilikuwa na bibi mmoja asiyejua kusoma, aliyekuwa anameza kidonge chake cha usiku redio ikianza taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa miaka yote niliyomhudumia sikumkuta ameruka dozi. Redio ikiishiwa betri alikuwa anatuma mjukuu kwa jirani akasikilize.

Na hapa ndipo Farmer aliponiingia moyoni. Wakati sisi tunakunja shuka, yeye na wenzake walikuwa wameshaanza kuwapa maskini dawa hizo hizo tangu 1998, kijijini Cange, nchini Haiti. Watu wa Cange walikuwa wakulima waliohamishwa mashamba yao yalipofunikwa na maji ya bwawa la Péligre, wakaachwa kilimani juu ya mawe. Yeye alifika kule mwaka 1983, kabla hata ya kumaliza udaktari, na mwaka 1987 akaanzisha na wenzake shirika la Partners In Health. Wataalamu waliwaambia dawa ni ghali mno, na mtu fukara hatazimeza sawasawa. Wao wakaajiri majirani wa wagonjwa. Jirani anafika kwa mgonjwa kila siku, anamshuhudia akimeza, anaangalia kama chakula kipo, kama bati linavuja. Na analipwa! Hilo la kulipwa usilipite haraka. Huku kwetu nimeona semina nyingi za wahudumu wa kujitolea, wanapewa fulana na soda, kisha tunashangaa mwaka wa pili hawaonekani.

Jina la wahudumu wale kwa Kikrioli, lugha ya Haiti, ni akonpayatè. Kwa Kiswahili tunaye siku zote: msindikizaji. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa mkali kwa hilo? Mgeni akiaga ukabaki umekaa kwenye kiti ukimpungia mkono, ungekoma. Lazima uinuke, ubebe kifurushi chake, ufike naye hadi barabarani, na kama giza limeingia ufike mbali zaidi. Farmer alilifanya hilo kuwa mfumo wa hospitali. Huruma yake ilikuwa na fungu kwenye bajeti, ina karatasi ya mishahara, ina ratiba. Nimefanya kazi chini ya wakubwa waliokuwa na machozi ya karibu, na mwisho wa mwezi glavu hamna. Simaanishi walikuwa waongo. Walihuzunika kweli, kisha wakasaini barua nyingine.

Hata hivyo usije ukamuiga kila kitu. Kule Lima, Peru, miaka ya tisini, yeye na mwenzake Jim Kim walikuwa wanatibu kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Dawa wakawa wanazichukua kwenye famasi ya hospitali yao ya Boston na kuzisafirisha. Siku hospitali ilipopiga hesabu, deni lilikuwa dola 92,000. Akalilipa rafiki yao Tom White, mkandarasi wa majengo aliyekuwa akiwafadhili tangu mwanzo. Wewe mwanangu huna Tom White. Ukigusa stoo ya dawa namna hiyo, mimi nitakuletea uji mahabusu.

Butaro nimefika. Mwaka 2017 nilimsindikiza mama yako mdogo kwa ajili ya saratani, wewe ulikuwa mafunzoni. Tulivuka mpaka wa Rusumo, tukalala Kigali, kesho yake tukapanda milima hadi masikio yakaziba. Wilaya ile ya Burera ilikuwa na watu zaidi ya 300,000 bila hospitali ya wilaya, hadi Farmer na wenzake, pamoja na serikali ya Rwanda, walipoijenga na kuifungua mwaka 2011. Kuta ni za mawe meusi ya volkano, yaliyochongwa na mafundi wa hapo hapo. Nilipitisha kiganja kwenye jiwe kama mtu anayenunua kitenge.

Lakini kilichonikalisha chini ni vitanda. Wodi tulizozizoea sisi, kitanda kinaegemea ukuta wa dirisha, kwa hiyo mgonjwa anatazama mgonjwa mwenzake anavyokata roho. Butaro vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi katikati ya chumba, kila mgonjwa anatazama nje, kwenye vilima na bustani. Madirisha ya juu yanapitisha hewa ili kifua kikuu kisizunguke ndani, na watu hawabanani kwenye korido ya ndani kwa kuwa njia ziko nje. Mama yako mdogo, akiwa na dripu mkononi, aliniambia, "Dada, leo nimesahau kidogo kwamba naumwa, nilikuwa namwangalia yule anayepalilia." Nikamwambia alale. Kisha nikatoka nje nikalia kwa ajili ya mjomba wako, aliyekaa siku tisa akitazama ukuta wa rangi ya mafuta.

Kampasi ya kile chuo chake ilizinduliwa pale mwaka 2019, na darasa la kwanza la udaktari lilikuwa na wanafunzi 30, theluthi mbili wasichana. Wanaanza na historia na mambo ya jamii, kwa nini watu fulani wanaumwa zaidi ya wengine, ndipo waingie kwenye mifupa na mishipa. Darasa lile ada hawakulipa, ila walifunga mkataba wa kuja kuwahudumia wanyonge. Wewe nilikusomesha kwa kuuza ng'ombe wawili, basi nikisoma habari hizo naona wivu kidogo.

Kuna jambo moja nisilolisifu. Maisha yake yalikuwa Boston, Haiti, Kigali, na ndege katikati. Ameacha mke, Didi Bertrand, na watoto watatu. Wanafunzi walimpata sana, na aliyepungukiwa ni nani kama si nyumba yake? Siwezi kumhukumu mtu aliyelala. Ila wewe nakufahamu, nawe ukishika kazi hupokei simu.

Kwa hiyo kabla hujawajibu, waulize siku gani za wiki utabaki wodini, na waziandike kwenye barua ya uteuzi. Waulize fungu la kuwafuata wagonjwa nyumbani liko wapi na nani analisaini. Wakikuambia mkuu wa idara hana muda wa raundi, kazi hiyo waachie wanaoipenda. Wakikubali, kubali.

Picha yenyewe kijana wa steshenari amenitolea nakala nyingine, ya rangi. Nitaifunga kwenye boksi pamoja na ndizi na senene wa kukaanga, basi la Ijumaa. Kalipokee mapema stendi ya Mbezi, senene wasikae juani.

Mama yako