Muziki wa Mashine na Alama za Wahakiki: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa aina mbili: wanaotaka kujua ninachokipata katika muziki wa kielektroniki, na wanaowalalamikia waandishi wanaohakiki michezo ya video. Nimezijibu pamoja kwa sababu nyingi zinagusa tatizo lile lile, yaani kuhukumu kwa haraka kitu ambacho hakijulikani mpaka kirudiwe.

*Kila mara unasifu vipande virefu visivyo na mwimbaji wala maneno. Huchoshwi na kitu kile kile? (Msomaji, Kondele)*

Sichoshwi, ndugu yangu, na nadhani hata wewe huchoshwi, ila hujawahi kuulizwa swali hilo kuhusu muziki uliokulea. Mtazame mpiga nyatiti aliyeketi kwenye kigoda chake: vidole vinapita juu ya nyuzi nane, njuga za gara zinalia mguuni, na pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu inagonga ukingo wa ala kwa mpigo ule ule tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Hakuna anayemwambia mzee huyo kwamba anajirudia. Msikilizaji hukizoea kile kisichobadilika, na akishakizoea, masikio yake huanza kunasa mambo madogo yanayobadilika, kama vile uzi uliochelewa kidogo au njuga iliyozidi nguvu, na utamu wote umo humo.

Ndivyo ninavyoisikiliza E2-E4, rekodi ya Mjerumani Manuel Göttsching iliyofanywa Berlin mwezi wa Desemba 1981 kwa mkupuo mmoja, ikatolewa mwaka 1984. Inachukua karibu saa nzima na imejengwa juu ya kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazolia pamoja, yanayopokezana. Gitaa, ambalo ndilo lililompa Göttsching sifa, haliingii mpaka karibu nusu ya muda huo imeshapita. Anayeisikiliza kwa dakika tatu atasema hakuna kilichotokea, naye atakuwa amesema kweli kuhusu dakika hizo tatu.

Ninaipenda pia acid ya Chicago, tawi la muziki wa dansi uitwao house, na kisa chake kinanifurahisha kila ninapokikumbuka. Kampuni ya Roland ya Japani iliiuza mashine yake ya TB-303 kuanzia mwaka 1981 ili mwanamuziki asiye na mpiga besi apate wa kumsindikiza. Sauti yake haikufanana na besi yoyote, wanunuzi wakaikwepa, na kufikia mwaka 1984 ilikuwa imeachwa kutengenezwa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture waliipata kwa bei ya mtumba, wakaanza kuvizungusha vitufe vyake huku inacheza, na mwaka 1987 wakatoa Acid Tracks, yenye zaidi ya dakika kumi. Noti hazibadiliki sana humo. Kinachobadilika ni umbo la sauti yenyewe, ambayo mara inakoroma, mara inalia kwa ukali, mara inazama chini kabisa.

Nisichokipenda ni ule muziki wa viwanja vikubwa unaopandisha ngoma kwa nusu dakika, ukanyamaza, kisha ukalipuka ili umati uruke. Huo nao unajirudia, lakini unamwamuru msikilizaji lini ashangae, na mimi sipendi kuamrishwa.

*Na amapiano je? Mbona huitaji kamwe? (Msomaji, Mamboleo)*

Naipenda ikiwa ya polepole na usiku ukiwa umekwenda. Ile inayopigwa ndani ya matatu saa moja asubuhi kwa spika zilizopasuka siwezi kuihukumu kwa haki, maana sijawahi kuisikia, nimesikia spika tu.

*Wanafunzi wangu husema muziki wa kompyuta ni wa Wazungu na hautuhusu. Niwajibu nini? (Mwalimu, Kakamega)*

Waambie, Mwalimu, kwamba house ilipata jina na umbo lake miongoni mwa Wamarekani weusi wa Chicago, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga santuri katika klabu ya Warehouse mwaka 1977, na kwamba techno, muziki mwingine wa dansi wa mashine, ilitokana na vijana weusi watatu waliosoma pamoja Belleville karibu na Detroit, yaani Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ni kweli kwamba hao watatu waliisikiliza sana bendi ya Kraftwerk ya Düsseldorf, kwa hiyo Wajerumani wamo katika ukoo huu na sioni sababu ya kuwafuta, lakini kumwachia Mzungu nyumba nzima kwa kuwa alichangia mlango ni kujinyima wenyewe.

Tena hapa kwetu mambo yameshafika mbali. Ohangla inayochezwa leo katika vilabu vingi vya Kisumu hutegemea kinanda cha umeme ambacho midundo yake imepangwa ndani ya mashine, na wanaoicheza hawaoni kwamba wameacha mila. Kampala kuna lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes, iliyowapelekea wasikilizaji wa ng'ambo singeli ya Dar es Salaam, muziki ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Nairobi imemtoa KMRU, ambaye albamu yake ya Peel ya mwaka 2020 haina ngoma hata moja. Amerithi jina la babu yake, Joseph Kamaru, yule yule aliyetamba kwa nyimbo za Kigikuyu, ingawa mjukuu hufanya kazi kwa sauti alizozirekodi mitaani na kuzinyoosha mpaka zinakuwa kama ukungu. Wapigie wanafunzi wako rekodi hiyo darasani, kisha uwaulize tena ni muziki wa nani.

*Nina kibanda cha PlayStation hapa Nyalenda. Nilinunua mchezo uliopewa alama 9 kwa 10, wateja wakaucheza siku mbili wakaukataa. Hawa wahakiki huhongwa? (Mfanyabiashara, Nyalenda)*

Pole kwa hasara. Bahasha, kwa maoni yangu, si shida kubwa kama watu wanavyodhani. Shinikizo lipo, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Novemba 2007, pale Jeff Gerstmann alipofutwa kazi na tovuti ya GameSpot baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6 kwa 10 wakati ambapo matangazo ya mchezo huo huo yalikuwa yameutanda ukurasa wa mwajiri wake. Mwaka 2012, alipokuwa huru kulizungumzia, alithibitisha kwamba wasimamizi walikuwa wamebanwa na wanunuzi wa matangazo. Hata hivyo, kisa hicho kimedumu midomoni mwa watu kwa kuwa ni nadra mambo ya aina hiyo kuonekana wazi kiasi hicho.

Jambo la kawaida zaidi ni muda. Kampuni humpa mhakiki nakala siku chache kabla ya mchezo kutoka, humfunga kwa ahadi ya kutochapisha kabla ya saa fulani, na kila gazeti hutaka kutoka saa hiyo hiyo ili lisipitwe. Kuhakiki mchezo wa saa hamsini kwa mwendo huo ni kuonja maharagwe yangali yanachemka. Mchezo, sawa na zile rekodi nilizozitaja, hujulikana kwa kurudiwa: mambo yanayokuvutia saa ya kwanza ndiyo huenda yakakuudhi saa ya ishirini, na wateja wako, ambao hurudia mechi ile ile kutwa nzima, waligundua ndani ya siku mbili kile ambacho mhakiki hakupewa nafasi ya kukigundua.

Kuna pia suala la mashine. Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipotoka Desemba 2020, wahakiki walikuwa wamepewa mapema nakala za kompyuta pekee, nazo zikasifiwa sana. Walioununua kwa ajili ya PlayStation 4 walikuta mchezo unaokwama na kuzimika, na baada ya wiki moja hivi Sony iliuondoa dukani mwake na kuahidi kurudisha pesa. Vibanda vyetu vingi bado vinaendeshwa kwa PlayStation 4 iliyotumika, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta kwanza mhakiki alicheza kwa mashine gani. Asipoitaja, alama yake isikushughulishe.

Na ukinitaka ushauri wa biashara, subiri wiki tatu. Mchezo wa mpira utauzika bila mhakiki yeyote. Tangu Septemba 2023 unaitwa EA Sports FC na bado sijamsikia kijana wa Nyalenda akiuita kwa jina jingine isipokuwa FIFA.

*Basi alama zifutwe kabisa? (Msomaji, Bungoma)*

Ningefurahi, lakini wasomaji hawafurahi. Tovuti ya Eurogamer ya Uingereza iliziondoa mwaka 2015, na mwaka 2023 ikarudi na alama za nyota. Ninaloliogopa zaidi ni wastani wa alama, ule unaokusanywa na tovuti ya Metacritic kutoka kwa wahakiki wengi, kwa sababu umeacha kuwa maoni, umegeuka kuwa mshahara. Mwaka 2012 ilifahamika kwamba studio ya Obsidian, iliyotengeneza Fallout: New Vegas, ilikosa bonasi kwa kuwa mkataba ulidai wastani wa 85 na mchezo ukapata 84. Mhakiki aliyetoa 8 badala ya 9 huku anasinzia hakujua kwamba anagusa mfuko wa mtu. Nikilazimishwa kuchagua, ningefuata jarida la Famitsu la Japani, ambako wahakiki wanne hutoa kila mmoja alama yake kwa kumi, maana hapo msomaji huona walipotofautiana, na mimi hujifunza mengi zaidi katika tofauti hizo kuliko katika jumla.

*Mwanangu wa miaka 13 husikiliza muziki wa michezo ya video tu, hata wakati wa kulala. Huo ni muziki kweli? (Mama, Nakuru)*

Ni muziki, Mama, na huenda mwanao ana masikio mazuri. Kifaa cha Game Boy kilikuwa na njia nne tu za sauti, kwa hiyo mtunzi alilazimika kuigawanya ngoma, besi na tuni kwa hesabu kali. Yuzo Koshiro wa Japani, alipoutungia Streets of Rage 2 mwaka 1992, aliingiza humo house na techno zilizokuwa zikivuma vilabuni, na mashine ya Sega ikazicheza kwa sauti yake ya chumachuma ambayo hadi leo naipenda kuliko rekodi nyingi za studio. Miaka michache baadaye, Wipeout ya Psygnosis ya Liverpool iliwafikishia vijana muziki huo wakiwa sebuleni kwao.

Kuhusu kulala, ningemruhusu, kwa sauti ya chini na simu ikiwa imewekwa mbali na kitanda. Muziki wa michezo hutungwa ujirudie bila kumkera anayecheza, na ubora huo unamfaa anayetafuta usingizi.

*Nasoma Maseno na ninataka kuandika kuhusu michezo ya video. Nianzie wapi? (Mwanafunzi)*

Anza na kibanda, kijana wangu. Mwaka 2004 Kieron Gillen wa Uingereza aliwashauri wenzake waandike kama waandishi wa safari, yaani waeleze kilichompata mchezaji ndani ya mchezo badala ya kuorodhesha ubora wa picha, na ushauri huo haujazeeka. Hapa Kisumu kuna mambo ambayo mhakiki wa London hawezi kuyaandika: mchezo unaodai kupakua gigabaiti 100 kwa mtu anayenunua bando la siku, pedi ambayo kitufe chake kimoja kimekufa na wote wamejifunza kucheza bila kukitumia, stima inayopotea mtu akiongoza kwa mabao mawili na ugomvi wa nani alipe unaofuata. Kaa hapo, uliza, andika bei na majina ya michezo kwa usahihi, na uandike kwa Kiswahili, kwa sababu anayelipia mchezo huo ana haki ya kuusomea katika lugha anayoitumia kubishana juu yake.

Usiutegemee mshahara wa kazi hii mapema. Game Informer, jarida la Marekani la michezo ya video lililochapishwa tangu mwaka 1991, lilifungwa ghafla Agosti 2024 na makala zake zikatoweka mtandaoni pamoja nalo, na ingawa lilifufuliwa Machi 2025, kwa miezi kadhaa waandishi wake hawakuwa na mahali pa kumwelekeza msomaji. Hifadhi nakala ya kila unachokiandika. Ukimaliza makala ya kwanza nitumie, isizidi maneno 800, na usiweke alama.